Maneno Yangu Kinywani mwa Ramson

Mzee Sefu ana desturi ya kuzima mashine yake ya kusaga mpaka foleni ijae, asije akachoma dizeli kwa ajili ya debe moja. Kimya kikiingia hufungulia redio kaseti aliyoifunga kwa waya juu ya mlango, na sisi tunaosubiri, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe kwa vumbi la unga, tunasikiliza anachotaka yeye. Siku nyingi huwa taarabu au mawaidha. Jumatano ile alikuwa mume wangu.

"Zakayo alipanda mti kwa sababu alikuwa mfupi," ilisema sauti ya Mchungaji Ramson, nzito, isiyo na haraka. "Na hawa wanaokuja kwetu siku hizi na maspika juu ya magari, wanapanda majukwaa kwa sababu gani? Ni hiyo hiyo. Lakini angalieni, Yesu hakumwambia Zakayo ahutubie huko huko juu." Hapo akakohoa kidogo. "Alimwambia, shuka."

Wanawake wakacheka. Mmoja akamwiga, na kikohozi chake. Mzee Sefu, Mwislamu aliyekulia Namtumbo na ambaye hajawahi kukanyaga kanisani kwetu, akapunguza sauti ya redio ili anisemeshe.

"Wallahi, Mama Mchungaji, huyu bwana ana elimu. Hapa vijana wa banda la video wakiona gari la mgombea linapita, wanapiga kelele, shuka, Zakayo. Umeolewa na elimu yenyewe."

"Ahsante, Mzee Sefu," nikasema.

Ningesema nini? Maneno yale niliyasema mimi, jikoni kwangu Ruhuwiko, nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage. Hata kikohozi kilikuwa changu. Moshi ulinipalia kabla sijafika kwenye neno "shuka", na Ramson akaubeba moshi wangu pamoja na mengine, akaupeleka mimbarini.

Nilichokuwa nacho kifuani nikakiita kwa jina lake, maana nimesoma na sipendi kuzungukazunguka. Ni wivu. Watu hudhani mke akimwonea mumewe wivu basi kuna mwanamke mahali. Ramson sijawahi kumdhania mwanamke. Namwonea wivu kwa sababu ya maneno yangu, kama mtu anayeona viatu vyake miguuni mwa mwingine na barabara nzima inasifu mwendo.

Tulisoma pamoja chuo cha teolojia, mimi na yeye, miaka ya themanini. Wanawake tulikuwa wawili, na mwenzangu alikatisha akaolewa. Kigiriki nilimfundisha Ramson kupitia dirisha la bweni la wanaume, yeye ndani, mimi nje na kitabu, kwa sababu kuingia kulikatazwa. Tulipomaliza mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Yeye alifaulu. Akawekewa mikono akawa mchungaji, na kwa upande wangu kanisa letu lilikuwa bado linatafakari kama mwanamke anaweza kuwekewa mikono, na lilikuwa linatafakari taratibu sana. Wakanipa cheo cha Mama Mchungaji. Kazi zake ni kuongoza kwaya ya akina mama, kuandaa chai ya wazee wa kanisa na kulia vizuri kwenye misiba.

Tukahamishiwa Songea, kwenye usharika wa watu wa kuja: walimu, manesi, makarani wa serikali, wafanyabiashara wa kutoka Mbeya na Njombe. Wenyeji wa hapa karibu wote ni Wakatoliki au Waislamu. Sisi ni wachache na tunapenda kuonekana, kwa hiyo mahubiri mazuri kwetu ni jambo kubwa.

Na mahubiri yalipikwa Jumamosi. Mchana mimi nikiwa jikoni, Ramson alikuja na kile kiti chake cha kamba, akakaa mlangoni pasipo na moshi, akataja somo la kesho yake. "Mama Gwakisa, hili unalionaje?" Gwakisa ni mtoto wetu wa kwanza. Basi mimi nikaongea. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Ana kichwa kinachoshika kila kinachomwagwa ndani yake, ila chenyewe hakimwagi. Nilimweleza kwamba kijana anayelipa kiingilio kwenye banda la video kumwona mtu mmoja akiua watu hamsini hana dhambi kubwa kuliko sisi tunaomsimulia habari ya mtu mmoja aliyekufa kwa ajili ya wote, tukamsimulia kwa sauti ya kumlaza. Nilimweleza kwamba kofia ya chama ikivaliwa kanisani si kofia tena, ni kichwa kilichoazimwa. Jumapili nikakaa benchi la mbele na kitambaa changu kichwani, nikawasikia watu wakiguna kwa kuridhika. Kwa miaka mingi nilitosheka na yale maguno. Niliyahesabu kuwa yangu.

Kilichoharibu mambo ni kaseti. Mwaka ule wa tisini na tano, mwaka wa kura ya vyama vingi, kila mtu Songea alikuwa na kitu cha kuuza, na Emanuel, kijana wa Njombe mwenye duka la redio karibu na stendi, akagundua kwamba mahubiri yanauzika. Akaanza kuja kanisani na mashine ya kurekodi, anaiweka chini ya mimbari kama mtu anayetega panya. Kaseti zikaenda mpaka kwenye mabasi ya Namtumbo. Wakulima wa tumbaku waliokuwa wameshauza mzigo wao walizinunua pamoja na za dansi. Nilikwenda kusuka nywele, Ramson yupo. Nilikwenda kununua dagaa, Ramson yupo, anaeleza kwa sauti yake ile nzito mambo niliyoyafikiria mimi huku nikimwogesha mtoto.

Na nitasema haki, sauti anayo. Mimi nikiongea, linakuwa somo. Yeye akiongea neno lile lile, mtu anashika shavu. Hilo nalo liliniuma.

Halafu ikaja barua. Baraza la viongozi wa dini pale mjini liliandaa semina, wiki tatu kabla ya kura, wamonaki wa abasia ya Hanga wakisaidia kuiongoza. Mapadre watakuwepo, mashekhe, wachungaji. Mada ni imani, siasa na utamaduni wa siku hizi, na msemaji mkuu kutoka upande wetu ni Mchungaji Ramson. Aliisoma mezani kwa sauti, wali ukipoa. "Tunamwalika kama mwanateolojia," akasoma, kisha akalisoma tena lile neno, taratibu, kama mtu anayejaribu koti jipya.

"Mwanateolojia," nikasema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Nimesikia."

Akaniangalia kwa furaha safi kabisa, furaha ya mtu asiyejua kitu. "Itabidi unisaidie, Mama Gwakisa. Hii si ya Jumamosi moja." Nikainuka kutoa vyombo kabla hajamaliza kula, na mkono wake ukabaki hewani na kijiko.

Usiku sikulala nikifikiri, hapana, nililala vizuri. Mimi nikikasirika hulala vizuri. Asubuhi niliamka nimeshaamua. Sikuwa na mimbari ya kumnyima wala kaseti ya kumpokonya. Nilikuwa na mdomo wangu, na huo ningeufunga. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu watu walisikie neno langu wajue ni langu mimi, Tumpe. Kama hilo halitakuwa, basi na yeye alikose.

Jumamosi ikafika. Akaja na kiti chake.

"Kesho ni zile sarafu mbili za mjane," akasema. "Unalionaje?"

"Sioni kitu."

"Huoni?"

"Moshi," nikasema, nikapuliza moto.

Akasubiri. Nilimenya viazi vyote, akiwa bado anasubiri. Nikakata vitunguu. Akaniuliza kama amenikosea, nikamwambia mwanateolojia ana vitabu vyake ndani, akavisome. Vitabu vyenyewe ni vyangu, vina jina langu la usichana ukurasa wa kwanza. Aliingia ndani, nikamsikia anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Jioni alikuwa na uso wa mtoto anayesubiri mtihani. Nusura nimhurumie. Nikaenda kuoga.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani, kwa sababu Bwana Thadeo alikuwa anakuja. Huyu alikuwa anagombea ubunge. Alikuwa na malori na kituo cha mafuta, na ni Mkatoliki wa kubatizwa, lakini wakati wa kampeni alikuwa wa dini zote. Ijumaa alionekana nje ya msikiti anasalimia watu mmoja mmoja. Jumapili hiyo alitoka misa ya kwanza kwao akaja ibada ya pili kwetu, na suti ileile, akakalishwa mbele karibu na mimi. Alinukia manukato ya dukani.

Ramson akapanda mimbarini mikono mitupu. Akasalimia. Akasalimia tena. Akasimulia habari ya mjane mmoja wa kwao Tukuyu aliyekuwa na shamba la migomba, akalizunguka shamba lile mara kadhaa, akashindwa kutoka. Mwishoni akasema tutoe kwa moyo, akashuka. Hakukuwa na guno hata moja.

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka vidole vya miguu. Nikageuka kidogo nione nyuso za watu, nikamsikia nesi Edna nyuma yangu akimnong'oneza jirani yake, "Leo Mchungaji kahubiri kwa unyenyekevu. Hakutaka kujionyesha mbele ya mgombea." Na jirani akaitikia kwamba huo ndio ukomavu.

Kwa hiyo hata akishindwa anasifiwa. Nilikaa pale nikitafuna ulimi.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada kama kawaida. Asiye na fedha huleta alichonacho, boga, mchicha, jogoo, na mwalimu Leo, mzee wa kanisa mwenye kipaji cha kuchekesha, hukinadi kwenye ngazi za kanisa. Mwalimu huyo huimba mapambio kwa mahadhi ya dansi mpaka watu wanatoa fedha huku wanacheza. Na kuna desturi ambayo kila mtu anaipenda: ukishanunua kitu unaweza kumzawadia mtu. Anayezawadiwa ananyanyua kile kitu juu, anashukuru, na kwa heshima anamkaribisha aliyempa asalimie watu.

Bibi Esteria alileta yai. Huleta yai kila Jumapili, ana kuku mmoja tu, amelifunga kwenye pindo la kanga. Mwalimu Leo akalinyanyua. "Yai la Bibi Esteria, lina joto bado. Nani ataanza?"

Bwana Thadeo akaanza, na alipoanza ndipo palipoishia, kwa sababu alitaja bei ya ng'ombe. Watu wakapiga vigelegele. Wapambe wake, waliokuwa wamesimama getini na kofia zao, wakaingia ndani ya uzio wakipiga makofi. Bwana Thadeo akanyoosha mkono na kutangaza kwa sauti ya jukwaani, "Yai hili nampa Mchungaji wetu mpendwa, mwanateolojia wetu wa Songea."

Ramson akalipokea. Akalinyanyua juu, maana ndivyo desturi inavyotaka. Na pale aliposimama, yai mkononi na mgombea anapanda ngazi kumfuata, nikaona kinachofuata kama nilivyokuwa nakiona kila kitu, waziwazi. Atashukuru. Atamkaribisha. Mtu yule atashika maikrofoni ya kanisa, na kesho kaseti ya Emanuel itakuwa na kampeni ndani. Ramson mwenyewe alikuwa amekwisha kukiona. Alikuwa ananitazama mimi, macho yanauliza, kama tuko jikoni.

Mama Mchungaji hapandi mimbarini. Lakini mnadani kila mtu ana sauti. Mtoto anaweza kutaja bei, mlevi anaweza kutaja bei. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuligundua hilo.

"Mwalimu Leo," nikasema, "hilo yai linarudi mnadani."

Mwalimu Leo akacheka kidogo. "Mama Mchungaji, lina mwenyewe tayari."

"Mwenyewe ni mume wangu. Chake ni changu, tulifungishwa hivyo mbele ya Mungu. Nalirudisha."

Wanawake wakacheka na kunipigia vigelegele, wakidhani ni utani wa nyumbani. Nikapanda ngazi, nikalichukua yai mkononi mwa Ramson. Kweli lilikuwa na joto. Na kwa kuwa nimelishika, na anayeshika kitu mnadani ndiye anayesikilizwa, nikaongea.

"Mnajua kwa nini tuna mnada," nikawaambia. "Tuliuanzisha kwa ajili ya mtu asiye na sarafu. Yai haliwezi kuingia kwenye kapu la sadaka, basi tukasema tutalibadilisha ili liingie. Anayelinunua haongezi kitu chake. Anamshika bibi mkono tu mpaka madhabahuni. Leo yai limenunuliwa kwa bei ya ng'ombe, na mnadhani Bibi Esteria ameheshimiwa. Nani kati yenu alimwangalia Bibi Esteria? Nyuso zote ziko kwa mnunuzi. Yule mjane wa Injili, Yesu alikaa akamtazama yeye, akawaacha matajiri wapite na kelele zao."

Bwana Thadeo alikuwa amesimama ngazi ya pili, mguu mmoja juu mmoja chini, anatabasamu na hajui aache saa ngapi.

"Nje huko kila kitu kinauzwa siku hizi," nikaendelea. "Kanga zina sura za wagombea. Nyimbo zetu za kwaya zimebadilishwa maneno, zinaimbwa kwenye maspika yao, na vijana wetu wanazicheza. Sigombani na hilo, ndiyo soko, na sisi wenyewe tunaimba mapambio kwa dansi. Lakini hata soko lina adabu yake. Anayenunua yai anaondoka na yai. Haondoki na kanisa."

Hapo nikasikia guno. Lilianza kwa wanaume waliokuwa ukutani, likaja mbele. Nilikuwa nimeyasikia mengi nikiwa benchini. Hili lilinifikia moja kwa moja.

Kutoka kwenye kwaya mtu mmoja akasema taratibu, "Shuka." Wengine wakaangua kicheko. Bwana Thadeo akashuka ile ngazi yake moja, na kwa kuwa si mjinga, akacheka na wenzake. Nesi Edna akataja bei ya yai ya sokoni, akalipa, akamzawadia Bibi Esteria.

Bibi akaligeuzageuza. "Sasa nimetoa au sijatoa?"

"Umetoa, bibi," nikamwambia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Ramson alikuwa anatembea haraka, anaongea peke yake, amechangamka kama aliyepona homa. Nilisubiri. Nilikuwa na hamu ya kusikia atasemaje, sikatai. Tulipofika mlangoni akanishika mkono.

"Mama Gwakisa, yaani maana ya sarafu za mjane ni hiyo! Kwa nini hukuniambia jana?"

Nikaingia ndani. Maji ya kuoshea vyombo niliyamwagia karibu sana na miguu yake.

Lakini nilikuwa na kitulizo changu. Mashine ya Emanuel ilihamishiwa nje wakati wa mnada, nilikuwa nimeiona, taa yake nyekundu inawaka. Safari hii kaseti itakuwa na mimi. Jumatano nikabeba debe langu la mahindi hata kabla unga wa ndani haujaisha, nikaenda kwa Mzee Sefu, nikakaa kwenye foleni na kujifanya sina haraka.

Akazima mashine. Akafungulia redio.

Ilikuwa sauti yangu. Nyembamba, ya juu, kama ya mtu anayeita kuku. Ningependa isiwe hivyo, lakini maneno yalikuwa yote, moja baada ya jingine, na wanawake waliponitambua wakageuka kunitazama. Lilipofika lile la kuondoka na kanisa, mmoja akanipiga begani. Mzee Sefu akanyoosha kidole kwenye kasha la kaseti alilolichomeka ukutani. Emanuel alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Mchungaji Ramson, Yai la Mjane.

"Masha Allah," Mzee Sefu akasema. "Amekufundisha vizuri."

"Nani?"

"Mchungaji. Si kila mume anamfundisha mkewe. Wengi wanaficha."

"Mzee Sefu, shikamoo yangu unaipata kila siku, kwa hiyo nisikilize. Yale maneno ni yangu. Na la Zakayo ni langu."

Akanitazama kwa upole mkubwa. "Ndiyo, mwanangu. Mke na mume ni kitu kimoja." Akawasha mashine, na kelele yake ikafunika nilichotaka kujibu.

Nilimkuta Ramson jikoni kwenye kiti chake cha kamba, na haikuwa Jumamosi. Nikatua debe la unga miguuni pake.

"Nakuonea wivu," nikamwambia.

Akafikiri ni utani. Akaangalia uso wangu, akaacha kufikiri hivyo. "Wivu wa nini? Mimi nimedhani tunafanya kazi pamoja."

"Pamoja, na jina langu liko wapi? Barua imekuita wewe. Kaseti imekuita wewe. Jumapili nimeongea kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado ni wewe. Nikifa watasema Ramson amefiwa na msikilizaji."

Alilisogeza debe kando. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, isiyo ya kanisani, "Nikisimama pale nasikia ni wewe unaongea. Nilidhani na wewe ukikaa pale unasikia hivyo."

"Nasikia. Ndiyo shida yenyewe."

Siku ya semina ilipofika aliniambia nivae lile gauni la bluu niende naye. Sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimekataa kumpikia hotuba, na sikujua amebeba nini kichwani.

Ukumbi ulijaa. Mapadre, masista, mashekhe na kanzu zao, wachungaji, wanasiasa na waumini wachache nyuma, Bwana Thadeo na nesi Edna wakiwemo. Mwenyekiti alikuwa Padre Osmund, mmonaki wa Hanga, mzee mwenye kusikiliza huku amefumba macho. Alimkaribisha mwanateolojia Ramson. Ramson akasimama mbele ya maikrofoni, akajifuta paji la uso.

"Mimi si mwanateolojia," akasema. "Kigiriki nilifundishwa dirishani na msichana aliyesimama nje kwenye umande. Mahubiri ya Zakayo mnayoyapenda, si yangu. La banda la video si langu. Hata kile kikohozi si changu. Yai la mjane mmemsikia mwenyewe. Nimekuwa nikibeba maneno ya mke wangu, Tumpe, miaka kumi na miwili, na sikuwahi kusema nimeyatoa wapi. Leo nimemleta. Aseme mwenyewe."

Alikuwa amelifanya. Mbele ya watu wote, na jina langu lote, alikuwa amelifanya, na nilimpenda pale kuliko siku aliyonioa.

Kisha makofi yakaanza. Shekhe mmoja akasimama. Masista wakasimama. Ukumbi wote ukasimama, na wote, kila mmoja wao, walikuwa wanamtazama yeye. Nesi Edna alikuwa analia. Padre Osmund akafungua macho, akainama kwenye maikrofoni ya meza. "Ndugu zangu," akasema, "tulikuwa tunatafuta kiongozi wa dini wa mfano. Unyenyekevu wa namna hii ni hotuba tosha." Makofi yakaongezeka. Nikamwona Bwana Thadeo anampa Ramson mkono. Kule nyuma walikuwa wanapanga vikombe vya chai, harufu ya maandazi ikatufikia, na mwenyekiti akasema Mama Mchungaji anakaribishwa kwa dakika chache tulizobakiwa nazo.

Nikapita katikati ya watu waliosimama. Ramson alinipisha, macho yamelowa, anatabasamu kwangu tu, na nilijua hakuna alichokosea. Maikrofoni ilikuwa imewekwa kwa urefu wake. Nikaishusha mpaka usawa wa mdomo wangu, ikapiga mluzi, nikasubiri wamalize kumpigia makofi.

Hawakumaliza. Nikaanza hivyo hivyo.